Saa ya kabati refu: kwa nini ni ndefu hivyo?

Saa ya kabati refu ni saa ya kusimama sakafuni, kimo chake mara nyingi hupita mita 2. Huendeshwa na mizigo ya risasi au chuma inayoshuka taratibu, na mwendo wake hupimwa na pendulamu, yaani fimbo yenye uzito chini inayobembea. Wengine huiita saa ya babu, jina lililoenea baada ya wimbo wa Kimarekani wa 1876. Wakati huo mafundi wa Uingereza walikuwa wamezitengeneza kwa takriban karne mbili.

Kabati halikurefushwa kwa ajili ya urembo. Christiaan Huygens wa Uholanzi alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na miaka miwili baadaye fundi saa Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza London. Pendulamu zile zilikuwa fupi na zilibembea kwa upana mno. Karibu 1670 kikaja kipande cha chuma chenye umbo la nanga, kinachozuia na kuachia gurudumu jino kwa jino. Mvumbuzi wake anabishaniwa: wapo wanaomtaja Robert Hooke, wengine William Clement au Joseph Knibb. Nanga huhitaji mbembeo wa digrii chache tu, kwa hiyo pendulamu ndefu ikaenea ndani ya kabati jembamba. Ikiwa na urefu wa sentimita 99.4, hutoka upande mmoja hadi wa pili kwa sekunde 1 kamili. Gurudumu la nanga lina meno 30 na kila jino huchukua mapigo mawili. Basi huzunguka mara moja kwa dakika, na mshale wa sekunde huchomekwa kwenye ekseli yake moja kwa moja. Huo ndio ufundi unaostahili kustaajabiwa, kuliko nakshi zote za nje.

Saa ya siku 8 ina mizigo miwili ya kilo 5 hadi 6 hivi, mmoja wa mwendo na mmoja wa kugonga kengele. Kamba ya utumbo wa mnyama huviringwa kwenye pipa dogo mara 16, na pipa huzunguka mara moja kila saa 12. Hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki, siku moja ikibaki ya akiba. Zile za bei nafuu hudumu saa 30 tu, na mzigo wake hupandishwa kila siku kwa kuvuta mnyororo au kamba.

Jina lililo usoni ni la fundi saa au muuzaji. Kabati ni kazi ya seremala mwingine, la mwaloni, la mjozi, au la mahogani kuanzia katikati ya karne ya 18. Uso wa shaba ya manjano ulianza kuachia nafasi uso mweupe wa chuma uliopakwa rangi katika miaka ya 1770, hasa kutoka Birmingham. Mnunuzi achungulie ubao unaobeba mtambo: matundu ya skrubu yasiyo na kazi, au uso usiokaa sawa katika dirisha la kabati, humaanisha mtambo ulihamishiwa hapo kutoka kabati jingine.

Saa ikisimama, sikiliza kwanza. Mapigo yasiyolingana humaanisha imekaa upande, au uma unaosukuma pendulamu umepinda. Ikiwa husimama siku ileile ya wiki, mara nyingi ni pale mizigo inapofika usawa wa pendulamu: kabati lililolegea hutikisika, mizigo nayo ikaanza kubembea na kuinyang'anya nguvu. Lifunge ukutani kwa skrubu. Ikichelewa, pandisha nati iliyo chini ya pendulamu. Milimita 1 ya urefu ni kama sekunde 43 kwa siku.

Kabla ya kuihamisha, toa mizigo, kisha pendulamu. Inaning'inia kwa ukanda mwembamba wa chuma cha pua cha springi, nao unaweza kukatika kwa mtikisiko mmoja tu.