Kuwinda kulungu siku ya upepo mkali

Wawindaji wengi wakiamka na kukuta matawi yanayumba hurudi kulala, wakisema kulungu hatembei siku ya upepo. Kulungu ninayemzungumzia, wa Marekani ya Kaskazini na Ulaya, ni mnyama mcheuaji. Anakula, analala acheue, kisha anainuka kula tena, na mzunguko huo unajirudia mara kadhaa mchana na usiku. Upepo haumwondolei njaa. Unachobadilisha ni mahali anapolala, njia anayopita na kiasi cha wasiwasi wake: masikio hayamfai kitu kwa sababu pori zima linapiga kelele, macho yanachoka kwa sababu kila kitu kinacheza, kwa hiyo anahama kwenda palipokingwa na anakaa macho zaidi.

Kasi ya upepo, kwa maoni yangu, si tatizo kubwa kama inavyosemwa. Tatizo ni mwelekeo usiotulia. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unaovuma upande mmoja tangu alfajiri unakupa siku nzuri ya kunyatia kwa miguu. Upepo wa kilomita 8 unaogeuka kila baada ya dakika chache utaipeleka harufu yako pande zote, na kulungu watakuwa wameondoka kabla hujawaona. Ninayoeleza hapa yanahusu hasa kulungu mkia-mweupe wa Marekani ya Kaskazini, lakini anayewinda kulungu wekundu wa Ulaya atayakuta yanamfaa pia.

Kuusoma upepo

Huhitaji kifaa. Kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu ya upepo kwa viwango, kinasomeka mitini. Majani na vijiti vikitikisika bila kukoma, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa. Matawi madogo yakicheza na vumbi likiinuka, ni 20 hadi 28. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, ni 29 hadi 38. Matawi makubwa yakitikisika na waya zikipiga mluzi, umefika 39 hadi 49. Juu ya hapo miti mizima inayumba na kutembea ukiukabili upepo kunachosha. Mimi naona kilomita 15 hadi 35 ndiyo nafasi bora ya kunyatia. Ukizidi 40, toka kwenye msitu wa miti mirefu, na kama umekaa kwenye jukwaa la mtini, shuka. Matawi makavu yaliyonasa juu huanguka bila onyo, na mti wenyewe unayumba kiasi cha kukunyima shabaha. Chini ya kiwango hicho pia, mkanda wa usalama wa mwili mzima unafungwa tangu mguu unapoondoka ardhini, na bunduki hupandishwa kwa kamba baada ya kutolewa risasi.

Kwa mwelekeo, poda inayopulizwa kutoka kwenye kichupa inakuonyesha mita chache tu kisha inapotea. Bora ni nyuzi za sufi, au za mmea wowote unaopeperusha mbegu zake. Chomoa unyuzi mmoja, uachie kwenye urefu wa kifua, kisha ufuate kwa macho, na kwa darubini ukifika mbali. Mita tano za mwanzo zinadanganya. Angalia unachofanya mita 30 au 40 mbele: mara nyingi unyuzi uliokuwa ukienda sawasawa unafika ukingo wa korongo, unazama, unazunguka, na wakati mwingine unarudi upande uliotoka. Harufu yako inapita njia hiyohiyo. Rudia kila unapobadilisha mahali, kwa sababu upepo wa mlimani na upepo wa bondeni ni vitu viwili tofauti hata kama umetembea mita 100 tu.

Upepo wenye nguvu huzunguka pale unapokata kitu. Nyuma ya kilima, nyuma ya ukuta wa msitu unaopakana na uwanja, kwenye kona ya korongo, hewa inajikunja na kurudi nyuma. Ukikaa ukingoni mwa msitu huku upepo ukitoka msituni kwenda uwanjani, usidhani harufu yako yote inakwenda mbali uwanjani. Sehemu yake inashuka na kukurudia. Katika hali hiyo ni afadhali kuingia ndani ya msitu, au kusogea mahali ambapo upepo unapita sambamba na ukingo.

Kuna pia hewa inayosogea kwa joto. Usiku na alfajiri hewa baridi inatelemka mabondeni. Jua likishapasha ardhi inapanda. Jioni inatelemka tena. Upepo ukiwa mkali unaifunika kabisa mikondo hiyo. Ukipungua, hasa saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, mikondo inarudi ghafla, na mahali palipokuwa salama mchana kutwa panakugeuka. Ukiona upepo unalegea jioni, hama kabla haujalala, uende chini ya njia unayotarajia kulungu apite, kwa kuwa harufu yako sasa itatelemka.

Mahali pa kuwatafuta

Anza na upande wa kilima uliokingwa. Kulungu hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko huo, chini kidogo ya kilele. Upepo unapita juu ya mgongo wake ukimletea harufu ya kila kilicho nyuma, na macho yanatazama chini. Hali ya hewa ikiwa mbaya zaidi anashuka: kwenye mabonde madogo, nyuma ya kingo za mto, kwenye vichaka vya misonobari michanga, nyuma ya mti mkubwa ulioanguka na mizizi yake. Kwenye mashamba tafuta mistari ya miti iliyopandwa kuzuia upepo. Nyuma ya mstari ulioshonana vizuri, upepo unakuwa umepungua hata kwa umbali wa mara 10 ya kimo cha miti. Miti ya mita 8 inakupa ukanda wa mita 80 wa malisho yenye utulivu, na kulungu atakula humo huku akiacha uwanja mpana ulio wazi kwa upepo.

Kutokana na hayo, siku ya upepo eneo la kupekua ni dogo. Badala ya kupita pori lote, chora kwenye ramani sehemu zote zilizokingwa kulingana na upepo wa siku hiyo, kisha panga njia ya kuziingilia moja baada ya nyingine.

Kunyatia

Njia nzuri ni ile inayoukata upepo, ukiupata shavuni. Kuukabili uso kwa uso kunakuficha harufu, lakini macho yanatoa machozi, na kulungu aliyelala upande uliokingwa mara nyingi anatazama kulekule utakakotokea. Ukipita kwa ubavu unafika kwenye bega la mteremko, unachungulia kidogo, unarudi nyuma, unasogea, unachungulia tena.

Tembea upepo unapovuma, simama unapotulia. Kelele ya matawi inameza hatua zako, ila utulivu wa sekunde tano unatosha kijiti kimoja kusikika. Usikae ukahesabu hatua. Sikiliza upepo unaokuja mitini kwa mbali, na uwe umeshanyanyua mguu unapokufikia. Wengi wanaharibu hapa kwa kwenda haraka, wakiamini kelele inawafunika. Inafunika sauti, haifuniki umbo lako. Jicho la kulungu halitofautishi vizuri rangi ya chungwa na kijani, hivyo nguo ya chungwa inayodaiwa na sheria za sehemu nyingi si kikwazo, lakini linaona mwendo haraka sana. Funga kila kitu kinachopepea: kamba za koti, mfuniko wa mkoba, ncha za skafu. Jikinge na baridi pia, kwani nyuzi sifuri zenye upepo wa kilomita 30 huhisiwa kama nyuzi 6 chini ya sifuri, na kidole kilichokufa ganzi hakifyatui vizuri.

Kila kitu kinacheza, kwa hiyo macho yako yatafute kisichofuata mdundo. Tawi linakwenda na kurudi na upepo. Sikio linageuka mara moja na kusimama. Tafuta pia mstari wa mlalo, yaani mgongo, katikati ya vigogo vilivyosimama wima. Darubini ya ukuzaji wa mara 8 inashikika vizuri kuliko ya mara 10 kwenye upepo. Usiiegemeze kwenye mti mwembamba, kwa sababu unayumba hata pale usipouona ukiyumba.

Kupiga

Chukua mfano wa bunduki ya kaliba (kipenyo cha risasi) .308 yenye risasi ya gramu 10 hivi, na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokata njia ya risasi kwa pembe mraba. Kwenye mita 100 risasi inasukumwa kando kama sentimita 2. Kwenye mita 200 ni 8 au 9. Kwenye mita 300 ni takriban 20. Upepo ukiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara mbili. Umbali ukiwa mara mbili, msukumo unakuwa karibu mara nne. Upepo wa pembe ya nyuzi 30 kwa mstari wa risasi unahesabiwa nusu. Eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo ndani ya mita 100 unaweza kuusahau upepo, na kwenye 300 unaweza kukosa mapafu kabisa.

Tazama pia kulungu ameelekea wapi. Akisimama ubavu na upepo ukatoka kichwani kwenda mkiani, kosa lako litaangukia tumboni, na hilo ndilo jeraha baya kuliko yote. Upepo ukitoka mkiani, kosa linakwenda begani. Kwa upepo wa kilomita 30 mimi sipendi mtu apige zaidi ya mita 150, na si kwa sababu ya risasi tu: upepo unausukuma mwili wako na mtutu pia. Kaa chini au lala, weka bunduki juu ya mkoba. Karibu na ardhi upepo ni hafifu zaidi.

Kwa upinde, mshale wa kasi ya mita 85 kwa sekunde unachukua zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde kufika mita 30, wakati sauti ya kamba inafika chini ya moja ya kumi. Siku tulivu kulungu hujiinamisha ili akimbie, na mshale unapita juu ya mgongo. Upepo unaifunika sauti hiyo, lakini unautikisa mkono wako, na chembe (ncha ya mshale) pana yenye visu visivyokunjika inashikwa na upepo kuliko nyembamba. Mita 20 zinatosha.

Baada ya kupiga

Siku ya upepo hutasikia mnyama akianguka, wala miguu yake ikiparamia vichaka. Usiondoe jicho. Shika alama mbili, aliposimama na ulipomwona mara ya mwisho, kisha funga utepe pale ulipo wewe kabla ya kusogea.

Damu iliyotua kwenye majani makavu inageuzwa na upepo ndani ya dakika chache. Tone unaliona upande wa chini wa jani, au jani lenyewe limepeperushwa mita tatu nje ya njia. Acha kutegemea ardhi. Tazama mashina ya nyasi na magome kwenye kimo cha goti hadi kiuno, ambako ubavu wake ulisugua. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa. Nyekundu iliyokolea bila povu huwa ni ini: subiri muda wa saa tatu hadi nne. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa na harufu kali, ni tumbo, na hapo unasubiri muda wa saa sita au zaidi, hata kama upepo unakutia hofu ya kupoteza alama. Ukimfuata mapema atainuka na kwenda mbali bila kuacha damu. Tumia muda huo kuweka utepe kwenye kila tone ulilokwisha kuliona, ukitembea kando ya njia na si juu yake. Ukianza kumfuata, mwendee kwa ubavu wa upepo: aliyejeruhiwa hulala mara nyingi akitazama njia aliyojia.