Je, wajua kwa nini chuma kisichoshika kutu hupasuka ndani ya kituo cha nyuklia?

Sisi watu wa visiwani kutu tunaijua. Bati la Nungwi, geti linaloelekea bahari kule Mkoani, boliti za mashua: upepo wa kusi unakuja na chumvi yake, na baada ya miaka michache kazi inaanza upya. Ndiyo maana wenye mahoteli hukubali kulipa zaidi wapate stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Sasa ikiwa chuma hicho kinahimili bahari, imekuwaje mabomba yake yapasuke ndani ya vituo vya nyuklia, ambako maji yamesafishwa kuliko hata haya tunayokunywa?

Kwanza, kinachokilinda. Stenlesi ya kawaida ina kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kromiamu ikikutana na oksijeni hujenga utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu, na nanomita milioni moja ndizo zinazotimiza milimita. Ukiukwaruza, hujirudi wenyewe papo hapo. Lakini kromiamu ikipungua chini ya asilimia 12 hivi, utando unakuwa dhaifu.

Na kromiamu hupungua wapi? Mara nyingi pale fundi alipopitisha moto. Tazama reli ya ngazi iliyochomelewa leo, kabla haijasuguliwa: kando ya mshono kuna ukanda wa rangi, manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Rangi zile ni alama ya joto tu. Jambo lenyewe limo ndani, milimita chache kutoka kwenye mshono, mahali chuma kilipokaa kati ya nyuzi 425 na 850 za Selsiasi. Katika joto hilo kaboni iliyomo hukimbilia kwenye mipaka ya punje, zile chembe ndogondogo zinazoshikana kuwa chuma, na kuiteka kromiamu: kila atomu 6 za kaboni huchukua 23 za kromiamu. Punje zinabaki imara, mipaka yake inabaki mitupu. Ni kama ukuta wa Mji Mkongwe ambao mawe yake ya matumbawe ni mazima, ila chokaa iliyoyashika imekwisha kulika.

Hilo peke yake halipasui bomba. Lazima mambo matatu yakutane: chuma kilichodhoofika, maji yenye uwezo wa kukila, na nguvu inayokivuta. Nguvu hiyo nayo huletwa na kuchomelea. Mshono ukipoa unataka kusinyaa, bomba lililouzunguka linaukatalia, na mvutano unabaki humo miaka yote, hata kama hakuna aliyeligusa. Ondoa moja kati ya matatu na ufa hauendelei. Yakikutana, ufa hupenya taratibu ukifuata mipaka ya punje, wakati uso wa bomba unaendelea kung'aa. Kwangu mimi hilo ndilo la kutisha: kutu ya kawaida hujitangaza kwa rangi yake, hii haijitangazi.

Katika vinu vya nyuklia vinavyochemsha maji humo humo ndani, maji hufika kiasi cha nyuzi 285, na mionzi huyavunja yakatoa oksijeni. Oksijeni hiyo, ingawa ni sehemu 200 hivi katika bilioni, inatosha. Miaka ya 1974 na 1975 nyufa zilionekana katika vinu kadhaa vya Marekani, na mwaka 1982 kituo cha Nine Mile Point, jimbo la New York, kilikutwa na nyufa kwenye mabomba makubwa ya kuzungusha maji, ikabidi yabadilishwe. Wahandisi wakapunguza kaboni kutoka asilimia 0.08 hadi 0.03 au chini yake, wakatia haidrojeni ndani ya maji ili kuidhibiti oksijeni, na wakawa wanapima mishono kwa mawimbi ya sauti.

Wengi waliona kazi imekwisha. Kisha ikaja Ufaransa. Mwishoni mwa 2021, katika ukaguzi wa kituo cha Civaux, nyufa zilionekana kwenye mabomba ya kuingiza maji ya dharura. Vinu vile ni vya aina nyingine, maji yake karibu hayana oksijeni, na chuma chake kilikuwa cha kaboni kidogo. Safari hii lawama kubwa iliangukia mvutano: umbo la mabomba lilifanya maji ya moto na ya baridi yapangane kwa tabaka, na chuma kikawa kinavutwa bila kupumzika. Vinu vingi vilizimwa vikaguliwe, na mwaka 2022 umeme wa nyuklia wa nchi ile ulishuka hadi terawati-saa 279, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Machi 2023, kwenye kituo cha Penly, ufa mmoja ulitangazwa kuwa na kina cha milimita 23 katika bomba lenye unene wa milimita 27. Mshono ule ulikuwa umerekebishwa mara mbili wakati wa ujenzi. Yaani moto ulipita tena na tena mahali pale pale.

Kwetu hakuna kinu; umeme wa Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Lakini chumvi tunayo, na chumvi ina njia yake ya kupasua stenlesi. Kwenye kituo cha nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, kaskazini ya Cape Town, matangi ya akiba ya maji yalipasuka kwa sababu ya hewa ya bahari tu, bila ya kuwa na moto ndani. Na Uster, Uswisi, mwaka 1985, dari ya zege ya bwawa la kuogelea iliporomoka ikaua watu 12, kwa kuwa vyuma vya stenlesi vilivyoishikilia vilikuwa vimeliwa na hewa yenye klorini.

Basi mwenye hoteli Paje au Jambiani, anayetia maji ya kisima ya chumvichumvi kwenye tangi la stenlesi na kuyachemsha kupita nyuzi 60, ana mambo yote matatu nyumbani kwake. Amuulize fundi ametumia chuma cha kaboni kidogo au la, na ile mishono aipakie rangi nyekundu ya kupenya: ikifutwa, kisha ikapuliziwa unga mweupe, ufa hujichora wenyewe kwa mstari mwekundu.