Misingi ya Mwalimu na siasa za leo: dhana zinazorudiwa sana na ukweli wake

Kila ikikaribia Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, au uchaguzi ukinukia, lazima umsikie mtu anasema "tumeacha misingi ya waasisi", na mwingine anamjibu "misingi hiyo hiyo ndo iliyotuchelewesha". Wote wawili wanaongea kama vile misingi ilikuwa kitu kimoja kilichonyooka, eti kimekaa mahali unaenda unakisoma unamaliza. Haikuwa hivyo kabisa. Kulikuwa na umoja, usawa, kujitegemea, ukombozi wa Afrika, kutofungamana na upande wowote, na baadhi ya haya yalikuwa yanagombana yenyewe kwa yenyewe tangu bendera ya Tanganyika inapandishwa Desemba 9, 1961.

"Ujamaa ulishakufa, siasa za sasa hazina uhusiano nao"

Nusu kweli. Kama unaongelea maduka ya ushirika na viwanda vya serikali, sawa, vimekwenda. Lakini fungua Katiba ya 1977 kama ilivyo leo, ibara ya 3 bado inasema hii ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, na ibara ya 9 bado inaitaka serikali ifuate Ujamaa na Kujitegemea. Mtu akiona hivyo anashangaa, mbona basi hatuoni? Jibu liko ibara ya 7(2), kwamba malengo yale hayawezi kudaiwa mahakamani. Yani yameandikwa, yanapendeza, ila hakuna mwananchi anayeweza kwenda kwa jaji akasema serikali imekiuka ujamaa.

Na hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndo panaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Misingi iliyoingizwa kwenye sheria yenye meno imeishi, iliyoachiwa dhamira za watu imekufa haraka. Chukua miiko ya uongozi. Azimio la Arusha, tamko la chama cha TANU kuhusu ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 5, 1967 na likasema kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Waliolilinda ni Halmashauri Kuu ya chama, na Halmashauri Kuu hiyo hiyo (safari hii ya CCM, mrithi wa TANU) ilikaa Zanzibar mwaka 1991 ikalegeza, biashara imekwisha. Miaka 24 tu. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma inayomtaka kiongozi atangaze mali zake, sasa kutangaza mali na kukatazwa kuwa nazo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Linganisha na suala la ukabila na udini. Hapo waasisi hawakuishia kuhubiri, uchifu wa kiserikali ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na vyama vingi viliporudi 1992 ikawekwa kwamba chama hakiwezi kusajiliwa kwa misingi ya dini, kabila au eneo, na ili kipate usajili wa kudumu lazima kiwe na wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba. Mtu anaweza kulalamika kwamba Msajili wa Vyama vya Siasa ana nguvu kupita kiasi, na ana hoja, ila jaribu leo kuanzisha chama cha kabila lako uone utafika wapi.

"Chama kimoja ndo ulikuwa msingi wa taifa, demokrasia tumeletewa na wazungu 1992"

Hii sio kweli. Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na vyama vingi. Uchaguzi wa urais wa 1962 Mwalimu alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC ya Tanganyika, Mtemvu akapigwa vibaya, hata asilimia 2 hakufikisha, lakini jina lake lilikuwepo kwenye karatasi. Chama kimoja kisheria kilikuja na katiba ya muda ya 1965. Na ile 1992 wafadhili walikuwa wanasukuma, hilo halifichiki, ila kuna Tume ya Jaji Nyalali iliyozunguka ikasikiliza watu, kama asilimia 77 wakasema tubaki na chama kimoja, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaanza kusema hadharani kwamba chama kimekaa peke yake kimelala.

Ila msije mkadhani nawasafisha waasisi. Kuna dhana nyingine ya upande wa pili, kwamba kubana wapinzani ni tabia mpya, eti zamani ilikuwa haki tupu. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962, kabla hata mwaka wa kwanza wa uhuru haujaisha. Haki za raia waasisi walikataa kuziweka kwenye katiba ya uhuru wakisema zitakwamisha kazi ya kujenga nchi, zikaingia kwenye katiba 1984, na kuzidai mahakamani ikawezekana 1988. Kwahiyo mtu wa leo anayetanguliza "umoja na amani" mbele ya uhuru wa kusema hajavunja misingi, ameokota msingi mmoja akaacha mwingine, na yule anayedai usawa na utu naye anaokota kwenye fungu hilo hilo. Wote wana Mwalimu wao.

"Ardhi kuwa chini ya Rais ni wazo la kijamaa"

Fupi tu hii. Sheria ya Ardhi ya 1923 ya Waingereza ndo iliyosema ardhi yote ni ya umma chini ya Gavana. Serikali huru ikabadilisha jina la mwenye kofia, ikafuta umiliki wa kudumu mwaka 1963, na sheria za 1999 zikaendelea hapo hapo, Rais kama mdhamini. Ujamaa uliipa sababu nzuri ya kuendelea nayo, ila mzazi wake ni mkoloni.

"Kutofungamana maana yake ni kukaa kimya"

Hii naisikia sana tangu Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuhusu Ukraine na Tanzania ikawa kati ya nchi 35 zilizojizuia. Wengine wakasema tumeogopa, wengine wakasema huo ndo msimamo wa Mwalimu. Sasa hebu tumuangalie Mwalimu mwenyewe alivyofanya.

Mwaka 1965 peke yake unatosha. Ujerumani Magharibi haikutaka nchi yoyote iwe na uhusiano na Ujerumani Mashariki, Tanzania baada ya Muungano ikaruhusu Mashariki wawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam (Zanzibar ilikuwa imeshawatambua, ilikuwa ngumu kuwafukuza), Magharibi wakakata msaada wa kijeshi kama adhabu, Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada mingine yote. Novemba mwaka huo huo Ian Smith akajitangazia uhuru Rhodesia, Uingereza ikasuasua, na Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Uhusiano ulirudi 1968. Huyo mtu unamuita mkimya?

Na reli ya TAZARA, ya kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, nayo inasimuliwa vibaya, watu wanasema tulikimbilia China kwa sababu ya ukomunisti. Tanzania na Zambia zilianza kugonga milango ya magharibi, zikaambiwa mradi haulipi, ndo China ikakubali, mkataba 1967, mkopo usio na riba, kilomita 1,860, ujenzi ukaanza 1970 na reli ikafika mwisho wake, Kapiri Mposhi, Zambia, 1975. Wakati huo huo jeshi lilikuwa limefundishwa na Wakanada. Kutofungamana kwa wakati ule ilikuwa ni kuchagua suala kwa suala, na kwenye ukoloni na ubaguzi wa rangi hakukuwa na katikati kabisa. Kwahiyo swali la kura ya 2022 linatakiwa liwe hivi: je, suala lile lilikuwa la mabwana wawili kugombana, au la nchi kubwa kuvamia jirani? Ukijibu la kwanza, kujizuia kuna mantiki ya waasisi. Ukijibu la pili, kazi unayo. Mimi naegemea la pili, ila naelewa walioegemea la kwanza.

Bei nayo ililipwa. Oktoba 1971 China ya Beijing ilipopewa kiti badala ya Taiwan Umoja wa Mataifa, Salim Ahmed Salim, balozi wetu, alikuwa mstari wa mbele na alishangilia wazi wazi. Miaka 10 baadaye akagombea ukatibu mkuu, Marekani ikamwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi mpaka akajitoa.

"Msingi wetu ni kutoingilia mambo ya nchi nyingine"

Mwaka 1964 kule Cairo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), ni Mwalimu aliyepeleka hoja kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe. Miaka 4 baadaye, Aprili 1968, Tanzania ikawa ya kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Halafu 1978 Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera, majeshi yetu hayakuishia mpakani, Aprili 1979 yakaingia Kampala, na baadhi ya viongozi wa OAU walinuna kweli kweli. Ukiongeza Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokaa Dar es Salaam tangu 1963 mpaka 1994, kambi za wapigania uhuru za Kongwa, Mazimbu na kwingineko, unaona kabisa kwamba kutoingilia kulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ni utu wa watu wa upande wa pili.

Hii ndo imeendelea mpaka leo kuliko watu wanavyodhani. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwemo Anjouan, Comoro, kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekataa kuachia madaraka, chini ya Umoja wa Afrika, na 2013 wakaingia mashariki mwa Congo kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi, wakapigana na waasi wa M23. Tofauti ni kwamba siku hizi tunaenda na barua ya taasisi mkononi.

"Diplomasia ya uchumi imezika diplomasia ya ukombozi"

Sera ya mambo ya nje ya 2001 ndo iliyoweka uchumi mbele, na ubalozi wa Tel Aviv uliofunguliwa 2018 unatajwa kama ushahidi, maana uhusiano na Israel ulivunjwa 1973. Lakini ulirudishwa 1995, kabla ya sera hiyo, na hali ya Palestina kutambuliwa haikufutwa. Kilichobadilika ni kwamba ukombozi wenyewe uliisha, Afrika Kusini ilipiga kura 1994. Na kujitegemea kulirudi kwa mlango mwingine, sheria za rasilimali za 2017 na vuta nikuvute na kampuni ya dhahabu ya Barrick mpaka ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16, zile hotuba zilikuwa na lugha ya 1967 tupu, ingawa mwisho wa siku tulikaa mezani tukagawana na mwekezaji.

"Muungano ni mambo ya ndani, hauhusiani na diplomasia"

Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Mambo ya nje ni ya Muungano tangu Hati za 1964, na katiba inasema nchi haina dini, kwahiyo misingi miwili ikaguswa kwa mkupuo, Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huo huo kundi la wabunge, G55, wakapeleka hoja ya serikali ya Tanganyika, kwa sababu waliona kama Zanzibar inaweza kufanya vile basi na sisi tuwe na kwetu. Mwalimu akiwa mstaafu akaipinga mpaka ikazimwa.

Haikufa. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya Desemba 2013 ilirudi na serikali tatu, na pia ilijaribu kuziingiza tunu za taifa na miiko ya uongozi ndani ya katiba, yani kuyapa meno yale yaliyoachiwa dhamira. Bunge Maalumu la 2014 likarudisha serikali mbili, orodha ya tunu ikabadilishwa, uwazi na uwajibikaji vikatoka, ikapatikana Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na mpaka sasa haijapigwa.