Kilimanjaro kwa siku moja: yanayosemwa na yaliyopo

"Kwenda Kilimanjaro bila kufika kileleni ni kupoteza nauli." Kauli hii nimeisikia mara nyingi, na wengi wanaoitoa hawajakanyaga hata getini. Uhuru, mita 5,895, inataka siku tano au zaidi. Lakini kutoka Geti la Marangu hadi Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia hiyo, mita 2,720, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Njia yote ni msitu: miti yenye ndevu zinazoning'inia matawini, vijito, na ukibahatika mbega weupe wakiruka matawi kwa mkia mrefu kama shuka. Wanaokwenda kileleni hupita hapo akili zikiwa zimeshatangulia juu.

"Msimu wa kiangazi hakuna haja ya koti la mvua." Hapa ndipo nilipoumbuka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Novemba na Desemba, basi mimi nikaenda Agosti na suruali ya jinzi. Sikujua kwamba ukanda wa msitu wa upande wa kusini ndio unaonyeshewa kuliko sehemu nyingine za mlima, na kwamba kileleni ndiko pakavu. Mgeni wa siku moja, kwa maneno mengine, anatembea palepale penye maji. Manyunyu yalianza kabla ya saa tano asubuhi, na jinzi ikilowa haikauki, inakuwa nzito na inabana goti kila unapopanda ngazi ya mizizi. Halafu kuna baridi: joto hupungua nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukikaa kula chakula cha mchana na fulana iliyolowa jasho, utatetemeka.

"Mandara utaiona theluji." Utaona miti. Ukitaka kuiona Kibo, sehemu ya juu ya mlima yenye theluji, ongeza mwendo wa robo saa hivi hadi Maundi, shimo la volkano ya zamani, na uombe mawingu yawe hayajapanda. Mlima hujifunua zaidi asubuhi, kwa hiyo anayefika getini saa nne asilalamike.

"Mwenye mazoezi hasumbuliwi na mwinuko." Hii ndiyo dhana ninayoiogopa, kwa sababu inawadanganya vijana wenye nguvu. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mwili huzoea hali hiyo kwa siku kadhaa, na miguu ya mkimbiaji haiharakishi jambo hilo. Mara nyingi shida huanza juu ya mita 2,500. Mandara imevuka kiwango hicho kidogo tu, na kwa kuwa unashuka siku hiyohiyo, wengi hawapati zaidi ya kichwa kuuma kidogo.

Shira, uwanda wa upande wa magharibi wa mlima, ni habari nyingine. Huko kuna barabara, na gari linakupandisha zaidi ya mita 3,000. Aliyelala Dar es Salaam jana anajikuta leo mchana kwenye uwanda huo bila kutoa hata tone la jasho, akidhani amechagua safari nyepesi. Mapafu hayajui kwamba umekuja kwa gari. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja, mwambie mwongozaji, usijikaze kiume. Anayepepesuka kama mlevi ashushwe palepale, bila mjadala.

"Tutaingia wenyewe, tutalipa getini." Hapana. Lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, na ada hailipwi kwa noti mkononi. Mtanzania abebe kitambulisho ili atozwe kiwango cha wananchi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

"Kushuka ni lelemama." Muulize mwenye magoti ya miaka hamsini. Mteremko uliolowa unateleza, na uchovu unaongeza kujikwaa. Isitoshe, huku karibu na ikweta jua likizama giza halisubiri, na ndani ya msitu linatangulia. Kundi letu tulikubaliana kugeuza saa nane mchana popote tutakapokuwa. Saa nane ilitukuta Mandara, mwenzetu mmoja akasema Maundi ni dakika kumi na tano tu, na kweli ni dakika kumi na tano. Tukaenda, tukapiga picha za ukungu, tukarudi. Giza lilitukuta msituni na tochi moja ya mwongozaji. Sisi wengine tulimulika kwa simu, na tulipoliona geti, mbili zilikuwa zimeshazima.