Mafunzo ya Walezi Huanza Mtoto Akishafika

"Hao wameshafundishwa, cheti wanacho, waacheni walee." Kauli hii, inayosemwa kuhusu walezi wanaopokea nyumbani kwao watoto wasioweza kuishi na wazazi wao, inanikera kwa sababu wanaoumia ni watoto. Mafunzo ya awali humwandaa mlezi kwa mtoto wa kufikirika, kumbe anayebisha hodi ni mwingine kabisa.

Wiki za kwanza huwa shwari. Mtoto anaitika, anakula, anakunja shuka. Afisa ustawi anaandika "ametulia", ziara zake zinapungua. Mara nyingi huo si utulivu, ni tahadhari. Akianza kuhisi kwamba huenda atabaki, ndipo anampima mlezi: anavunja, anadanganya, anagoma kuoga. Wakati huo msaada umeshaondoka.

Tazama suala la chakula. Mlezi anainua godoro, anakuta mkate umeota ukungu na ndizi imesagika. Anaita wizi, anatia kabati kufuli. Hapo ameharibu. Mtoto aliyewahi kulala njaa anaweka akiba, na kufuli linamthibitishia kwamba chakula kinaweza kukoma wakati wowote. Mpe kopo lenye mfuniko, liwe lake, likae chumbani kwake. Tia visivyooza upesi, lijaze kila jioni bila kungoja aombe, wala usihesabu alichokula. Hilo ni jambo la miezi, si siku. Likifundishwa kabla mtoto hajaja, huingia sikio hili likatokea la pili. Likirudiwa siku mkate ulipookotwa, linashika.

Ni vivyo hivyo baada ya mtoto kuonana na mama yake mzazi. Akikojoa kitandani usiku ule, msikimbilie kufuta ziara za kuonana na mama: ameachana naye upya. Saa ya kwanza usimhoji. Nguo aliyokumbatiwa nayo usiifue haraka, ina harufu ya mama.

Kinachomsaidia mlezi ni simu inayopokelewa saa 3 usiku, afisa asiyebadilishwabadilishwa, na kikundi kidogo cha walezi wanaojuana.

Mapumziko ya mlezi, yaani mtoto kukaa kwa mtu mwingine siku chache ili mlezi apumue, yananipa shaka. Mtoto akipelekwa wikendi kwa mtu asiyemjua, anaelewa amefukuzwa. Mwenyeji awe yuleyule kila mara, siku ya kurudi izungushiwe duara kwenye kalenda, na mtoto aache kitu chake nyumbani. Hata hivyo wapo watakaolia vilevile, na mlezi asiyepumzika huishia kumrudisha mtoto. Sijaona mpango unaowatosheleza wote wawili.