"Si Umeliziba Wewe Mwenyewe, Soda Italifanya Nini?"

Wiki hii nimeulizwa tena swali hilo, safari hii na dereva wa tuktuk aliyezibwa gego mwaka juzi. Nilipopitisha ncha ya chuma ukingoni mwa kijazo, ilinasa. Kijazo chenyewe kizima, hakina ufa. Kilicholiwa ni jino lililokizunguka, kikabaki kimechomoza kama mawe ya ukuta mkongwe wa Mji wa Kale chokaa ikishapukutika.

Jamani, kuziba jino si kulivika kofia. Tumeziba tundu tu. Enameli iliyobaki, yaani ganda gumu la nje la jino, ni ile ile ambayo jino liliota nayo, nayo huanza kuyeyuka pH, kipimo cha uasidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi (ikizidi kushuka, asidi ni kali zaidi). Kola iko karibu na 2.5 kwa ajili ya asidi ya fosforiki. Soda za machungwa na ndimu zina asidi ya sitriki. Tena chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, na bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa asidi nyingine. Ukingo ukiachia upenyo, hata mwembamba kama unywele, wanajificha humo na jino linaoza chini kwa chini, wewe huoni kitu kiooni.

Na kijazo nacho hakisalimiki. Glasi ionoma, ile simiti nyeupe tunayowawekea sana watoto, ndiyo dhaifu zaidi mbele ya asidi: huliwa juu kidogo kidogo hadi ikapungua kimo. Kompositi, ile ya resini yenye rangi ya jino, hustahimili zaidi, ila resini hiyo hulainika, uso ukaparuza na kushika rangi ya kahawa na tambuu. Amalgamu, ile ya madini yenye rangi ya fedha, asidi haiitishi sana, na wenye nayo ndio wanaojiamini kupita kiasi. Lakini jino linaloishikilia si amalgamu!

Kinachoniuma zaidi ni unywaji wenyewe. Dereva wangu aliniambia, "Dakta, mimi nanywa moja tu kwa siku." Kweli ni moja, lakini anaipiga funda funda huku akitafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, tangu adhuhuri hadi magharibi. Mate huhitaji kama nusu saa kuituliza asidi, na kila funda linaanzisha hesabu upya. Muguka nao unamkausha mdomo, hata mate yenyewe hayatoshi. Afadhali chupa nzima aimalize na chakula cha mchana, ateremshie na maji, basi.

Wanaoniambia wanakunywa isiyo na sukari: sukari imetoka, asidi imebaki. Wa ukwaju na ndimu za nyumbani, asidi ya matunda ni asidi vile vile. Mrija unasaidia meno ya mbele kidogo, magego hauyaokoi.

Na tafadhali, usikimbilie mswaki mara tu baada ya soda. Enameli imelainika wakati huo, unaisugua ikatoka. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa hadi saa nzima, ndipo upige mswaki.

Gego la dereva nimelifungua, nikachonga uozo, nikaliziba upya. Tundu la sasa limelizidi la mwaka juzi, na upande wa shavuni ukuta umebaki mwembamba. Likioza tena sitakuwa na pa kushikiza kijazo.