Uwanja wa Ndege wa Manda: Yanayosemwa Lamu na Ukweli Wenyewe

Maulidi ya Lamu yakikaribia, jamaa walioko Mombasa, Nairobi na hata Maskati huanza kuulizana mambo yale yale. Ndege inatua Lamu mjini? Si pale ndipo paliposhambuliwa? Hicho kindege cha injini moja kitafika salama? Mara nyingi anayejibu ni mtu ambaye hajawahi kushuka Manda, na jibu lake husambaa kuliko la mwenyeji. Nauli ya kwenda kwetu si ndogo, na anayeitoa anastahili kujua anakokwenda.

"Ndege inatua Lamu mjini"

Haitui. Tiketi imeandikwa Lamu na herufi za uwanja ni LAU, lakini uwanja wenyewe uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo unaotazamana na mji wa Lamu na Shela. Ukishuka kwenye ndege, mizigo husukumwa kwa mkokoteni mpaka gatini, na kutoka hapo unapanda boti. Kwa boti ya mashine huchukua kama robo saa kufika mjini. Nauli ya boti haimo ndani ya tiketi ya ndege, labda uwe umeagiza nyumba ya wageni ikutumie boti yake, kwa hiyo patana na nahodha kabla hujapakia mzigo.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni maji. Maji yakijaa, boti inakaa karibu sawa na gati na mtu anaingia kwa hatua moja. Maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, boti iko chini kabisa na abiria hushuka ngazi zenye utelezi. Anayesafiri na mzee, mjamzito au mtu wa magoti mabovu aulize saa ya maji kabla hajachagua ndege ya asubuhi au ya mchana. Wenyeji wa kisiwa cha Pate wanalijua hili zaidi, kwa sababu wao, wakitoka Faza, Siyu au Kizingitini kuja kupanda ndege au kwenda mjini, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na Mkanda maji yakipwa sana si njia ya kuaminika. Mtu wa Nairobi akikosa ndege husema foleni ya magari ilimchelewesha. Mtu wa Pate anaweza kukosa ndege kwa sababu ya mwezi.

Kuna na swali linalofuata: kwa nini basi uwanja usiwe Lamu yenyewe, tukapunguziwa boti? Tazama kisiwa cha Lamu kilivyo. Upande mmoja kuna mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wenye vichochoro vya kupitisha punda. Upande wa Shela kuna vilima vya mchanga, na chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji matamu ambayo mji mzima umeyategemea. Maji ya mvua huchujika humo na kutuama juu ya maji ya chumvi. Kutandaza lami na kumwaga mafuta ya ndege juu ya mchanga huo ni kuuza kisima ili ununue barabara. Manda kwa upande wake ni tambarare ya mawe ya matumbawe isiyo na maji matamu ya kutosha. Mji wa Takwa, uliokuwa Manda, ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kugeuka chumvi. Watu wake walivukia Shela, na watu wa Shela bado huenda Takwa kuomba mvua. Mahali palipowashinda watu kwa ukosefu wa maji pamewafaa ndege.

"Manda ndipo paliposhambuliwa mwaka 2020"

Hii ndiyo dhana iliyotuumiza zaidi, na naisema kwa uchungu, kwa sababu imewafanya watu waogope mahali ambapo sipo.

Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walishambulia kambi ya kijeshi ya Manda Bay, inayojulikana pia kama Camp Simba, iliyoko Magogoni. Wamarekani watatu waliuawa na ndege zikateketezwa. Magogoni iko bara. Ina uwanja wake wa kijeshi, mbali na uwanja wa abiria ulioko kisiwani, na kati yake kuna maji. Lakini taarifa za mwanzo za asubuhi ile, pamoja na ya jeshi lenyewe, zilitaja uwanja wa ndege wa Manda, na picha za moshi zikasambaa na jina hilo. Mtu aliyeko Dubai angejuaje kwamba Manda ya kisiwani na Manda Bay ni sehemu mbili?

Sisemi kwamba Kaunti ya Lamu haijaonja msiba. Mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014 hayatasahaulika, na barabara ya kutoka Garsen imepitia miaka ya misafara ya kusindikizwa na askari. Ila anayepima usalama wa safari yake apime njia anayoipita yeye, si jina alilolisikia kwenye habari.

Mchanganyiko mwingine wa aina hii unahusu bandari. Mradi wa LAPSSET, ule wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Ndani yake kuna mpango wa uwanja wa kimataifa wa Lamu, pamoja na bandari. Gati la kwanza la bandari ile lilianza kazi Mei 2021, huko upande wa bara. Uwanja wa kimataifa wa LAPSSET si Manda. Manda ni uwanja wa safari za ndani ya nchi. Anayetoka Maskati au London hugonga muhuri wa pasipoti yake Nairobi au Mombasa, kisha ndio anapanda ndege ya Lamu.

"Ndege ya injini moja ikizima, basi"

Si ndege zote za Manda zilizo ndogo. Barabara ya kurukia ilirefushwa, na Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza safari mwaka 2014, huleta Dash 8-400 ya viti 78 na injini mbili. Lakini bado zipo Cessna Caravan, na hizi ndizo watu wanazozikunjia uso.

Caravan iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Ina injini moja ya tabo inayozungusha panga, ya ukoo wa PT6, injini zinazoaminiwa na marubani wa nyika na visiwa dunia nzima. Na hata injini hiyo ikizima, ndege haianguki kama jiwe. Mabawa yanaendelea kubeba, na rubani anateremka kwa mteremko huku akichagua pa kutua. Kanuni zilizotumika kuidhinisha ndege za aina hii zilitaka ndege ya injini moja iweze kubaki hewani hata mwendo ukishuka hadi noti 61, kama kilomita 113 kwa saa, kusudi ikilazimika kutua pasipo uwanja iguse ardhi polepole kiasi cha watu kupona. Hatari haiishi kabisa, hakuna chombo kisicho na hatari. Ila udogo wa ndege si ushahidi wa ubovu wake.

Hapohapo huja lawama ya mizigo. Ndege nyingi ndogo zinazotoka Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, huruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini, na abiria huona ni njia ya kumkamua. Caravan yote, pamoja na mafuta, watu na mizigo, hairuhusiwi kuzidi takriban tani 4 inapoanza kuruka. Abiria 12 wakizidisha kilo 10 kila mmoja, hizo ni kilo 120 ambazo hazikuhesabiwa. Begi gumu nalo haliingii vizuri katika sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege. Na uzito haupimwi kwa jumla tu. Uzito ukielemea nyuma kupita kiasi, pua ya ndege huinuka isivyotakiwa, na ndiyo maana wakati mwingine mtu huombwa ahame kiti. Usikatae, na usione umedharauliwa.

"Joto la pwani ndilo linaloisumbua ndege"

Ni kweli joto hupunguza uzito wa hewa, na hewa nyepesi huipa ndege kazi. Lakini watu husahau kimo. Wilson iko kama mita 1,690 juu ya bahari, na Manda iko mita chache tu. Ukipiga hesabu, hewa ya Manda kwenye nyuzi 31 bado ni nzito kuliko ya Wilson kwenye nyuzi 22, tena kwa karibu sehemu moja ya tano. Bawa lina cha kushika, injini ina cha kuvuta. Ugumu wa safari hii uko Nairobi, ndege inapoinuka imejaa.

Kinachoisumbua ndege pwani kweli ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma na kujipaka ndani ya injini, na mafundi wa ndege za pwani hulazimika kusafisha injini kwa maji matamu mara kwa mara. Hilo abiria halioni.

Upepo na mawingu

Wapo wanaoogopa kusafiri wakati wa kusi kwa sababu wamewaona mabaharia wakifunga vyombo. Jahazi na ndege havitaki kitu kimoja. Ndege huruka na kutua ikikabili upepo, na upepo wa mbele huipa nguvu mapema na kuifupishia njia. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Desemba hadi Machi, hutumika ncha moja ya barabara ya kurukia. Kusi ikiingia, hutumika ncha nyingine. Ndiyo sababu safari moja unauona mji wa Lamu dirishani na nyingine huuoni. Upepo wa ubavuni ndio unaodai kipimo, na kila ndege ina kikomo chake.

Mvua za masika za Aprili na Mei ni habari nyingine. Manda haina vifaa vya kuongozea ndege ndani ya mawingu kama vilivyoko Mombasa, kwa hiyo rubani sharti aione barabara ya kurukia kabla ya kufika kimo alichowekewa. Asipoiona, huinua ndege, huzunguka, hujaribu tena, au huenda Malindi au Mombasa kusubiri. Abiria wengine hukasirika wakidhani ndege ina hitilafu au rubani ni mwoga. Rubani aliyekataa kutua asipoona amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Na ratiba za Manda ni za mchana. Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, jua linazama karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Ndege moja inaweza kuwa na vituo vitatu kwa siku, kwa hiyo ikichelewa asubuhi Nairobi, safari ya mwisho inaweza kuahirishwa mpaka kesho hata kama Lamu ni kweupe bila wingu. Mwenye kuunganisha na ndege ya ng'ambo asipange siku moja.

"Ule ni uwanja wa watalii"

Ndege pwani hazikuletwa na utalii. Mwaka 1937 ndege za maji za Imperial Airways zilizobeba barua na abiria kati ya Southampton na Durban zilishuka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wilson Airways, ambayo jina lake limebaki kwenye uwanja wa Nairobi, ilianzishwa mwaka 1929. Usafiri huu ulianza kwa barua na kazi, na hoteli zikaja baadaye.

Na Manda ya leo, kaa gatini asubuhi uone nani wanashuka: walimu, maafisa wa kaunti, wafanyabiashara, wanafunzi, mama anayetoka kliniki Nairobi. Mgonjwa mahututi wa Lamu au Pate ambaye hospitali ya kaunti haimuwezi, tumaini lake mara nyingi ni ndege. Madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, wakiwemo Michael Wood na Archibald McIndoe, makao yao ni Wilson. Barabara ipo, na kipande cha kilomita 135 kutoka Garsen kupitia Witu sasa kina lami. Basi hufika Mokowe, na kutoka Mokowe bado unavuka kwa boti. Ila mwenye damu inayomtoka hawezi kusubiri basi.

Mambo mawili ya mwisho, ya haraka. Usimlaumu asiyehusika: uwanja wenyewe, yaani jengo, lami na gari la zimamoto, uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Leseni za marubani, ukaguzi wa usalama wa ndege na uongozaji wa anga ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. Ndege kuchelewa ni jambo la kampuni uliyoilipa. Na kabla hujaita teksi Nairobi, soma tiketi vizuri: ndege nyingine za Lamu huondoka Wilson, nyingine Jomo Kenyatta, na kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine kwenye msongamano wa asubuhi kunatosha kabisa kukukosesha safari.